Mkono wa Baba kwenye Televisheni

Kila Jumamosi, baada ya kufua, mimi na mama tulipiga deki sebuleni, kisha tukaketi mlangoni kungoja sakafu ikauke. Jumamosi ile tulikuwa na mgeni: bibi, mama yake marehemu baba. Kesho yake angerudi kwake, na alikuwa na ombi moja tu.

"Mjukuu wangu, nionyeshe mwanangu. Kwenye hiyo kompyuta naona mawingu tu."

Baba alikuwa seremala. Kabla hajaugua, nilimrekodi akipiga randa karakanani. Niliirusha video hiyo kutoka kwenye kompyuta hadi kwenye televisheni, bila waya. Baba akatokea, mkubwa kama dirisha, maranda yakimwangukia miguuni taratibu kama manyoya. Mara mkono wake ukaganda hewani. Ukasogea kidogo. Ukaganda tena.

"Amechoka?" bibi akauliza.

"Mtandao ndio umechoka, Bibi."

Nilizima, nikawasha. Nikafunga programu nyingine zote. Wapi! Mjomba, kaka yake mama, aliyekuja kumsalimia bibi, akaninong'oneza, "Punguza ubora wa picha. Macho ya bibi yako yatajuaje?"

"Macho yameisha, masikio bado," bibi akamjibu. Mjomba akajikoholesha.

Nilijaribu hata hivyo. Video haikukwama, lakini uso wa baba ulijaa ukungu. Bibi aliinama mbele. "Ndiye huyu?"

Ningeitikia tu, yangekwisha.

"Ndiye, Bibi, ila sura yake haikuwa hivi. Nipe muda kidogo."

Nilirudisha ubora wa picha, nikaibeba kompyuta huku nikitazama alama ya mtandao. Sebuleni, mstari mmoja. Kwenye korido, miwili. Chumbani kwa mama, mbele ya kabati la chuma, mistari yote ikajaa. Hapo nikaelewa. Baada ya mazishi, mama alivifungia humo vitu vyote vya baba: misumeno, redio, hata ruta aliyoinunua, kile kisanduku kinachosambaza mtandao nyumbani. Waya wake aliupitishia tundu la nyuma. Chuma kilikuwa kinazuia mawimbi.

"Mama, ruta inabidi itoke."

Mama, aliyekuwa amenifuata, aliushika ufunguo wa kabati. Kabati lile halikuwahi kufunguliwa tangu siku hiyo. "Nikifungua nitasikia harufu ya mbao," akasema.

"Fungua, mwanangu," bibi akaita kutoka sebuleni. "Tuisikie wote."

Ufunguo ukazunguka. Harufu ikatoka, ikapita kwenye korido kama mtu anayejua njia.

Tuliiweka ruta kwenye rafu, karibu na televisheni. Safari hii randa iliteleza bila kukwama. Baba akapuliza vumbi, akainua uso, akacheka.

"Jino lake lile!" bibi akasema. "Lilipishana tangu utotoni."

Mama alinishika bega. "Ungemdanganya bibi, tusingetafuta kasoro. Ulikubali kwamba picha haiko sawa, ndiyo maana ukaona pa kurekebisha. Hata mimi, mwanangu, nilikuwa nimefunga mlango ambao..."

"Maneno baadaye," bibi akamkatiza, macho hayabanduki kwenye televisheni. "Hebu irudishe mwanzo."