Kisibiti kwenye Sinia la Posa

Tahiya alikuwa amesimama Darajani mbele ya meza ya viungo, ananusa. Kanusa mfuko wa nanaa, kanusa wa kisibiti, mbegu nyembamba za kutia kwenye vyakula na dawa, karudi kwenye nanaa, na wateja nyuma yake wameshaanza kuguna. Alivaa buibui jeusi lenye zari kwenye mikono, miwani ya duara, na makubadhi mapya yaliyolia kila alipohamisha mguu.

"Bibie, ukiendelea hivyo harufu itakwisha kabla hujanunua," ilisema sauti ya kiume.

Alikuwa Borafya, kijana mrefu mwenye kanzu ya rangi ya maziwa na kofia iliyokaa upande, mtengeneza manukato wa Mkunazini. Pua yake ilisifiwa mtaa mzima, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuisifu.

"Nalinganisha," Tahiya akasema. "Harufu hizi mbili zinatoka kwenye kitu kimoja."

"Nanaa na kisibiti? Mimi pua ndiyo kazi yangu. Usinifanye mtoto."

Tahiya akavua makubadhi palepale akamkabidhi. "Ngozi moja, fundi mmoja, kipimo kimoja. Haya, livae la kushoto mguu wa kulia."

"Halitakaa."

"Basi na molekuli nazo zina kushoto na kulia. Ya mkono mmoja, pua inasema nanaa. Pacha wake, yule unayemwona kwenye kioo, pua inasema kisibiti. Mimi nasomesha kemia chuoni, na hiyo ndiyo kazi yangu."

Borafya alimtazama mwanamke aliyekubali kusimama pekupeku katikati ya Darajani ili ashinde ubishi. Akampenda hapohapo, makubadhi yangali mkononi mwake.

Wakaanza kupigiana simu kila siku.

"Leo umefanya nini, roho yangu?"

"Nimeunda harufu ya nanaa tupu, bila hata chembe ya kisibiti."

"Kwa uchawi gani?"

"Kwa kichocheo, habibi. Ni kimolekuli kidogo, cha jamii ya vile vilivyomo kwenye chakula chetu. Hakina madini ya ghali wala sumu. Kinazishika molekuli mbili, kinazigeuza zikutane kwa upande mmoja tu, halafu kinaziachia na kutoka kama kilivyoingia. Kinakwenda kushika nyingine. Nikitumia pacha wake wa kwenye kioo, ndipo napata kisibiti."

"Huyo mshenga huyo!"

"Mshenga hasa. Nawe wako utamtuma lini? Kuna mhasibu wa hoteli Kiwengwa, wazee wake wanakuja Ijumaa. Baba kasema atakayetangulia na akamridhisha, ndiye."

Borafya hakuwa na haja ya kuambiwa mara mbili. Akamwendea Bi Mwanamwema, mshenga mdogo wa umbo, asiyesema sana, aliyeozesha nusu ya Mji Mkongwe. Kwenye sinia la posa vingewekwa udi, doti za kanga, na chupa ya manukato ambayo Borafya angeitengeneza kwa nanaa ya Tahiya mwenyewe. Tahiya alishampa vichupa viwili vya kazi yake. Hakuviandika kitu. Alikuwa ameviviringisha kwenye karatasi mbili, kila moja ameichora mkono wake kwa kuuzungushia kalamu, moja wa kulia, moja wa kushoto.

"Nanaa ni ya mkono wa kulia," alimwambia.

Siku tatu kabla ya sinia kwenda, walitembea Mbweni kwenye magofu. Mvua ikawakuta. Borafya akampa mwavuli wake, naye akarudi nyumbani kanzu inachuruzika. Asubuhi akaamka na mafua ya kufa mtu. Udi ulikuwa unafuka chumbani asiusikie. Angemwambia nani? Mtu wa manukato asiye na pua ni sawa na kinyozi aliyekatika mikono. Akakunjua zile karatasi, akaweka mkono wake wa kulia juu ya michoro kwa namna anavyoupokelea manukato maisha yake yote, kiganja juu. Mmoja ukalingana sawasawa, dole gumba kwa dole gumba. Akachanganya manukato yake kwa kichupa hicho, akayafunga kwa utepe wa dhahabu.

Alhamisi Bi Mwanamwema akalifikisha sinia. Bi Bashira, shangazi yake Tahiya, akafungua chupa, akanusa, akapiga ukelele.

"Kisibiti! Wanatuletea kisibiti! Hiki si ndicho wanachopewa watoto wachanga wakivimbiwa? Kaka, wanasema mwanetu kashazaa!"

Bwana Mkadam, babake Tahiya, alinusa mwenyewe. Uso ukamwiva. "Rudisha sinia. Kesho nawapokea wa Kiwengwa."

Simu ya Borafya ikalia kabla sinia halijafika kwake.

"Borafya, umenifanya nini? Kisibiti?"

"Nanaa ile, roho yangu!"

"Kisibiti! Shangazi ananitazama tumbo! Wewe si ndiye mwenye pua? Au ulitaka kunicheka mbele ya wazee wangu?"

Borafya akajifuta pua. Kukiri kulimchoma, lakini kumkosa kungemuua.

"Tahiya, sina pua. Nna mafua tangu Mbweni. Nliona aibu kukwambia. Nliweka mkono tu juu ya mchoro, ukaingia."

"Uliuweka vipi?"

"Kiganja juu. Kwani manukato yanapokelewa vipi?"

Borafya akamsikia akijipiga paji la uso. "Mimi nilichora kiganja chini, juu ya meza! Wa kulia ukiugeuza unaingia kwenye mchoro wa kushoto; umeshika kisibiti. Kila siku nafundisha kushoto na kulia, na kichupa nimeshindwa kukiandika. Njoo nyumbani. Sasa hivi, na vichupa vyote, na Bi Mwanamwema na sinia lake."

Walimkuta Bwana Mkadam barazani. Bi Mwanamwema hakubishana. Alimpa mzee karatasi na kalamu, akamchoresha mkono wake wa kushoto, kiganja chini, kisha akamwambia aweke wa kulia juu yake, kiganja juu. Ukaingia. Akamnusisha kichupa cha kwanza, halafu cha pili.

"Hii nanaa," mzee alisema polepole. Kisha akamgeukia Borafya. "Nayo pua yako ilikuwa wapi?"

"Nlikuwa na mafua, mzee. Nkaona haya kusema." Akapiga chafya ya kuthibitisha.

"Mafua umeyapata wapi?"

"Mvua ilitukuta, baba," Tahiya akadakia mlangoni. "Kanipa mwavuli wake, yeye akarowa."

"Mwavuli gani?"

"Ule mweusi. Ulio ukumbini."

Bwana Mkadam alikohoa. Siku tatu hizo alikuwa akienda na mwavuli huo msikitini, na jana tu alimsifia jirani uzuri wake. Akamtazama kijana aliyekuwa anatetemeka kwa homa kwenye ngazi zake.

"Bashira, pokea sinia. Na hao wa Kiwengwa wapigiwe simu."

Bi Bashira akapiga vigelegele kana kwamba hakuwahi kupiga ukelele. Bi Mwanamwema alivaa viatu vyake akaondoka kimya kama alivyokuja. Malindi kulikuwa na wengine wawili wanamngoja.

Siku ya pili Borafya, pua imeanza kufunguka, alipigiwa simu.

"Ukipita Darajani ninunulie kisibiti, habibi."

"Cha nini tena? Hujakoma?"

"Cha kuweka," Tahiya alisema, akakata simu.

Borafya alisimama katikati ya njia mpaka akapigiwa honi. Kisha akaenda kwenye meza ileile ya viungo, akaomba mfuko mkubwa.

"Wote huo?" muuzaji akashangaa. "Kwani nani kazaa?"

"Bado," Borafya alisema, akiunusa kwa raha zake.