Kapu la Kheir

— Mama Radhiya, rudi nyumbani. Kiti chako nnakitazama hapa, roho inaniuma.

— Kiuze.

— Kiti nlichokuchongea kwa mkono wangu?

— Hicho hicho. Tafuta mwanamke mwengine wa kukijaza.

Simu ikakatwa. Kheir, seremala wa Mpendae, akabaki amesimama sebuleni. Ilikuwa wiki ya tatu tangu mkewe, Mwatima, arudi kwao Uroa, mguu wa kulia umefungwa bendeji na kidole gumba hakipo. Kidole kilikatwa hospitali kwa sababu ya sukari. Lakini Mwatima hakuondoka kwa ajili ya kidole. Aliondoka kwa ajili ya karatasi.

Ujumbe wa binti yao, Radhiya, ukaingia:

"Baba, mama si mkaidi kama unavyomdhani. Ukenda Uroa nenda na ukweli. Usende na halua."

Kheir akaketi kwenye kile kiti kipana. Kilimmeza.

Alikuwa mtoto wa miaka tisa wakati mchele Unguja ulipokuwa unapatikana kwa foleni. Kwao walikula muhogo asubuhi na muhogo jioni, na siku ulipokuwa mchache mama yake aliwagawia watoto wote, kisha akasema, "Mie nshakula." Mbavu zake zilihesabika chini ya kanga. Kheir aliapa moyoni kuwa mke wake hatahesabiwa mbavu na mtu.

Kwa hivyo alipomuoa Mwatima, msichana mwembamba wa Uroa, alimwambia hata fungate haijesha:

— Humu ndani hauingii muhogo wala kisamvu. Hicho chakula cha dhiki.

— Na kama mie nnakipenda?

— Utakisahau.

Mwatima alicheka, akidhani ni mahaba. Na kweli yalikuwa mahaba. Kwa desturi ya mjini, mwenye kwenda sokoni ni mume, na mke hupika kinachoingia na kapu. Kapu la Kheir liliingia na mchele mweupe, nyama yenye mafuta, mikate, siagi, na soda za kushushia. Jioni aliongeza chipsi na sambusa za njiani. Mwatima akisukuma sahani na kusema, "Nshakula, yatosha," Kheir alimwongeza kijiko.

Mke akanawiri, kisha akanenepa, kisha akawa hawezi kufika kwa jirani bila kupumzika mara mbili. Kheir akamchongea kiti cha mninga. Kilipombana, akachonga kingine kipana zaidi. Dada yake, Nassra, alikiona akapiga vigelegele.

— Kaka, mtoto wa watu umemtunza! Cha tatu utakichonga kwa gogo zima!

— Wifi, nawe usinimalize! Mwatima alijibu, akicheka pamoja nao, huku akijikanda goti.

Kheir siku ile alitembea mtaani kifua mbele.

Mwaka jana Mwatima alianza kuamka na kiu isiyokatika. Akapimwa damu kituo cha afya, na kwa kuwa miguu ilimuuma, mchana akamtuma mumewe kuchukua majibu. Nesi, Bi Tahiya, alimkalisha Kheir chini.

— Mzee wangu, mkeo ana sukari, tena imepanda sana. Aje mwenyewe, aanze dawa. Na nyumbani mpunguze wali, mafuta, na soda muache kabisa.

— Atakula nini sasa? Atakonda!

— Ndiyo, apungue. Mboga za majani, samaki, kunde, na sahani ndogo kuliko hiyo aliyoizoea.

— Watu watasema nimeshindwa kumlisha.

— Watu hao hao nnawapima hapa kila siku. Zamani tuliugua kwa kukosa, mzee wangu. Sasa tunaugua kwa kujaza, na tunaona ndiyo maendeleo.

Kheir alikunja karatasi. Njiani alimwona akilini marehemu mama yake, kanga imemlegea, akisema nshakula. Alipofika nyumbani, Mwatima alikuwa mlangoni.

— Wamesemaje?

Mwatima hakujua kusoma. Kheir mwenyewe alijifunza ukubwani, kwenye darasa la jioni, na kila mkewe alipomwomba amfundishe alijibu, "Kesho."

— Uchovu tu, Kheir akasema. Wamesema ule vizuri.

Akaifungia karatasi kwenye kisanduku cha patasi. Kesho yake kapu lilijaa kama jana.

Miezi minane ikapita. Kidonda kidogo cha kidoleni kikakataa kupona, mpaka hospitali wakasema kidole hakina budi kutoka. Wiki mbili baadaye Radhiya alikuwa akitafuta kitambulisho cha mama yake, akafungua kisanduku cha patasi. Akaikuta karatasi, akaisoma kwa sauti mbele ya mama yake kabla hajajua anasoma nini. Mwatima hakupiga kelele. Alisema tu, "Nifungie nguo zangu."

Jumatatu asubuhi Kheir alishuka Uroa na kapu mkononi. Shemeji yake, Shaame, alimpokea barazani, akalichungulia kapu.

— Shemeji! Kapu tupu?

— Sijui nitie nini.

— Ajabu. Miaka yote hii ulikuwa unajua.

— Leo sijui, Shaame. Nipishe.

Mwatima alikuwa ukumbini, amekaa kwenye mkeka, mguu juu ya mto, anachambua kisamvu. Uso umepungua. Kheir alishangaa kuona kuwa umepungua na bado ni mzuri.

— Hujambo, Mama Radhiya?

— Sijambo. Kaa.

— Nimekuja...

— Nnajua ulichokuja nacho. Subiri.

Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

— Nisomee.

— Radhiya kashakusomea.

— Nataka kuisikia kwa sauti yako. Hukunisomea siku yake, nisomee leo.

Kheir akavaa miwani, akaikunjua karatasi.

— "Mwatima Khatib. Sukari imepanda sana. Aanze dawa. Apunguze wali, vyakula vya mafuta na vinywaji vitamu. Atunze miguu. Arudi baada ya wiki mbili."

Akaanza kuikunja.

— Maliza.

— Nshamaliza.

— Kuna mstari chini ya saini, Baba Radhiya.

Kheir akaikunjua tena.

— "Mume ameelezwa."

Mikono ya Mwatima ikasimama juu ya majani.

— Miezi minane, akasema. Ukinitazama nnakunywa soda. Ukinimiminia mwenyewe.

— Niliogopa. Kila nikikuwaza umekonda, nnamwona mama.

— Mama yako, Mungu amrehemu, alisema nshakula, na alikuwa hajala. Mie nikisema nshakula nilikuwa nimekula kweli. Hukunisikia hata siku moja. Ulikuwa unamlisha yeye.

Kheir akavua miwani. Alilia bila kuficha uso, mwanamme wa mvi kichwa kizima, na Shaame aliyekuwa mlangoni akaondoka taratibu.

— Nisamehe, Mwatima.

— Msamaha nshakupa, tangu wiki ya kwanza. Kurudi ndiyo sirudi.

— Mpaka lini?

— Mpaka niweze kujisomea. Radhiya ananifundisha herufi kwa simu. Nshafika kwenye jina langu.

Kheir alitikisa kichwa. Miaka yote ya "kesho" ilimrudia kwa pamoja. Akalivuta kapu mbele yake, kisha akatamka neno ambalo hajawahi kulitamka tangu amuoe.

— Nikununulie nini?

Mwatima alimtazama kwa muda mrefu, kama anayemtafuta mtu ndani ya umati.

— Mchicha, akasema mwisho. Choroko. Bamia. Samaki wa kuchoma, si wa kukaanga. Ndimu. Muhogo kipande kimoja, kimoja tu. Alkhamisi nnakwenda kliniki. Ulete kabla ya hapo.

Kheir alichomoa penseli ya useremala sikioni, akaigeuza ile karatasi, akaandika mgongoni mwake, herufi kubwa kubwa.

— Sasa nisomee, Mwatima akasema. Nione kama umeandika nilichosema.

Akavaa tena miwani, akamsomea. Mchicha, choroko, bamia, samaki, ndimu, muhogo kipande kimoja, na Alkhamisi. Alisoma yote, mpaka mstari wa mwisho.