Kompyuta Iliyoniita kwa Jina

Kiangazi kikifika, mji wetu wa Kairuani hulala mara mbili. Usiku hulala kama miji mingine, na mchana, kuanzia saa saba hadi saa kumi, hulala tena. Maduka hufungwa, madirisha hufungwa, hata paka huingia chini ya magari. Nyumbani kwetu mkwe wangu Radhia humwaga maji sakafuni, nasi hujinyoosha kwenye mikeka, chumba kikiwa na giza kama pango.

Watoto hawapendi kulala mchana. Ndiyo maana tangu zamani tunawapa habari za Ajuza wa Mchana, kizee anayezunguka barabarani jua likiwa utosini, akiwaita watu majina yao. Ukiitika, umekwisha. Mama yangu aliniambia mimi, nami nikamwambia mjukuu wangu Molka, binti wa Radhia. Molka alikuwa na miaka kumi na miwili na alijifanya haamini, lakini saa hiyo hakuwahi kuuvuka mlango wa nje.

Mwaka huo macho yangu yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Watu niliwaona kama walio nyuma ya mvuke wa sufuria. Nilikuwa nimengoja miezi minane nipate siku ya kupasuliwa katika hospitali ya macho huko Susa, na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, zikiwa zimebaki kama wiki mbili. Daktari aliniambia, "Bi Beya, usiikose. Jicho la kushoto halitangoja tena."

Basi Jumapili mwanangu Ridha, anayefanya kazi Ufaransa, akaja likizo na kompyuta mpakato mpya. Ilikuwa zawadi kwa Molka, mtoto wa ndugu yake, kwa kufaulu mtihani wa kuingia shule ya vipaji.

"Usiiwashe, ewe mtaalamu," Ridha alimwambia. "Kesho nakwenda Gabesi kwa wakwe zangu. Nikirudi tutaiwasha pamoja. Kuna mambo ya kujaza mwanzoni, halafu kuna takataka ambazo wauzaji huzipakia humo ndani. Hizo lazima ziondolewe."

"Kisiondolewe kitu!" nikadakia. "Kilichokuja na kitu kipya ni chake."

"Mama, rimoti yako ya televisheni bado imo ndani ya nailoni tangu nilipooa."

"Na bado inafanya kazi. Yako iko wapi?"

Ridha akacheka.

Jumatatu mchana, sisi tukiwa tumelala, Molka aliiwasha. Hayo niliyajua baadaye, lakini nawaambieni sasa ili msipotee njiani. Kompyuta ilimuuliza jina na mwaka wa kuzaliwa. Alipoandika mwaka wake, ikamwambia amwite mtu mzima. Mtu mzima wa kuitwa nilikuwa mimi, nami ningesema, "Mngoje ami yako." Basi akafuta, akaandika jina langu na mwaka wangu. Kila palipotokea neno "Nakubali" alibonyeza bila kusoma. Alibonyeza mara kumi na moja. Kisha akaiweka juu ya kabati la sebuleni, akaifunika kwa kitambaa changu cha kufuma, akarudi kulala kama malaika.

Jumanne, saa nane mchana, niliitwa.

"Beya."

Ilikuwa sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka. Nikafumbua macho. Radhia alikuwa akikoroma. Molka alikuwa amejifunika shuka hadi kichwani, kwa joto lile.

"Molka, umeniita?"

"Sijakuita, Bibi."

Nikasema moyoni, ni ndoto. Lakini Jumatano sikulala. Nilikaa nimeegemea ukuta, nikasikiliza. Hakukuwa na gari wala ndege. Saa ya ukutani ilipofika saa nane, kitu kiling'aa kule sebuleni chini ya kitambaa, mwanga wa buluu ukipenya katika matundu ya ufumaji na kutapakaa ukutani kama macho mengi madogo.

"Beya. Sikuoni. Sogea karibu."

Sikuitika; nimelelewa vizuri.

"Zimebaki siku nane," ikasema sauti. Mwanga ukazimika.

Nilihesabu kwa vidole. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi... Kidole cha nane kiliangukia Alhamisi ya kupasuliwa kwangu. Nikahesabu tena nikianzia mkono mwingine, na jibu likawa lilelile.

Alhamisi ilisema siku saba. Ijumaa, sita. Nilijikaza nikaenda kukifunua kile kitambaa. Juu ya kioo niliona maandishi makubwa, nami nilisoma madarasa manne tu, lakini jina langu nalijua hata ndani ya ukungu: BEYA. Chini yake kulikuwa na mistari midogo iliyonishinda. Molka alikuja mbio, akabonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi.

"Kimesema nini, mama?" nikamuuliza.

"Hakuna kitu, Bibi. Ni... ni matangazo."

Nikaona anaficha jambo, nikamwacha aende. Mtoto ni kama uzi mbichi. Ukivuta kwa nguvu unakatika.

Kumbe naye alikuwa akiungua kuliko mimi. Siku ya Jumamosi alimweleza rafiki yake Sirine, binti wa jirani.

"Iondoe tu hiyo programu," Sirine alisema. "Wewe umefaulu kuliko sisi wote, unaogopa kibati?"

"Bibi amesema kisiondolewe kitu. Halafu, Sirine, humo limeandikwa jina lake na mwaka wake. Nikifuta, je, naye... je, kitu kikimpata?"

"Basi mwambie."

"Nimwambie nimempa shetani jina lake?"

Sirine hakucheka tena. Wakaamua kuizima. Walibonyeza kitufe, wakafunga kifuniko, wakaweka mto juu yake. Jumapili saa nane, kutoka chini ya mto, sauti ikaja kwa mbali kama ya mtu aliyefukiwa: "Beya. Sikuoni."

Jumanne asubuhi nilimwita Radhia jikoni.

"Piga simu Susa. Waambie sitakwenda."

"Mama! Miezi minane umengoja!"

"Nimeitwa, Radhia. Kila siku naitwa, na siku zinahesabiwa. Zinakwisha Alhamisi, siku yenyewe ya kisu. Bora nife kipofu kitandani mwangu kuliko kwenye meza ya watu nisiowajua."

Radhia alinibembeleza, akakasirika, akalia, kisha akasema atapiga simu jioni, huenda nikabadili moyo. Molka alikuwa mlangoni na sahani za kifungua kinywa mikononi. Alizisikia zile habari zote. Sahani moja ilimponyoka, ikavunjika vipande vipande, na hakuna aliyemgombeza.

Saa nane mchana huo nilikwenda mwenyewe kukaa mbele ya kabati. Nilitaka kuisikia uso kwa uso. Mwanga ukaja.

"Beya. Sikuoni. Sogea karibu. Zimebaki siku mbili."

"Bibi, usisogee!" Molka alipiga kelele nyuma yangu. Akaja akasimama katikati, kati yangu na ile sauti, mikono ameitandaza. "Usisogee! Si wewe inayekuita. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeandika jina lako!"

Akaniambia yote: jinsi alivyoiwasha bila ruhusa, mwaka wa uongo, zile "Nakubali" kumi na moja, na mto. Alilia mpaka kwikwi. Nilimwacha amalize. Kifua changu kilianza kuwa chepesi.

"Mbona hukusema siku ya kwanza?"

"Niliogopa utanigombeza. Siku ya pili niliogopa zaidi. Kisha nikaogopa nimeshakuua."

"Bado sijafa. Nani anazijua hizi mashine?"

"Naziha, shangazi yake Sirine. Anafundisha kompyuta kwenye kituo cha vijana."

"Lete viatu vyangu."

"Sasa hivi? Saa hii?" Akatazama mlango. "Na Ajuza?"

"Leo ajuza ni mimi. Twende."

Tukatoka. Miaka sitini sikuwahi kutembea nje saa ile. Barabara ilikuwa nyeupe, milango yote imefungwa, na joto liliinuka kutoka ardhini likifanya kuta zicheze. Hakuna kilichosikika ila viatu vyangu na pumzi za Molka, aliyeikumbatia kompyuta kifuani kama mtoto mgonjwa. Mara mbili nilidhani kuna mtu anatufuata. Tukisimama, naye anasimama. Kwenye kona, dirisha moja lilifunguka kidogo, na kijana mdogo akachungulia. Aliponiona na shuka jeupe nililojitanda, akatoa ukelele: "Mama! Ajuza wa Mchana! Kamchukua mtoto!" Dirisha likafungwa kwa kishindo. Molka, machozi yakiwa bado mashavuni, aliangua kicheko, nami nikacheka, na tangu hapo hakuna aliyetufuata.

Naziha alifungua mlango, nywele timtim.

"Kheri? Nani amekufa?"

"Bado," nikasema. "Ndiyo maana tumekuja mapema."

Aliketi na kompyuta magotini, akasoma ile mistari midogo kwa sauti. Programu ile ilikuwa ya majaribio. Muuzaji aliipakia ilinde kompyuta kwa siku kumi bila malipo. Zikiisha, inataka ununue. Siku zilizokuwa zikihesabiwa zilikuwa zake, wala si zangu.

"Na 'sikuoni'?" nikauliza.

"Ina jicho hapa juu, kamera, ya kumtambua mwenye mashine. Tazama, bado imefunikwa na nailoni ya kiwandani."

Hapo nilitazama dari.

"Na kwa nini saa nane, saa ya watu wabaya?"

"Hurudi saa ileile iliyowashwa mara ya kwanza. Molka, uliiwasha saa ngapi?"

"Saa nane mchana," Molka alijibu, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Tulibonyeza kitufe, lakini ikaamka," akaongeza.

"Kitufe kile huilaza tu. Kulala si kuzimika. Sasa njoo ukae hapa, ufanye mwenyewe."

Wakafungua orodha ya programu zote zilizomo. Molka alitaka kufuta kila asichokijua, lakini Naziha alimshika mkono. "Taratibu. Mwizi na mgeni wote huwajui, utawafukuza wote? Soma jina, tazama nani aliyeitengeneza, uliza kazi yake, ndipo uamue. Hii inaendesha sauti. Ukiifuta itakuwa bubu. Iache."

Wakazipitia moja moja. Michezo mitatu ya watu wazima wavivu, ondoa. Duka lililokuwa likituma matangazo, ondoa. Mwisho ukabaki yule mlinzi. Naziha alihakikisha kwanza kwamba kompyuta ilikuja na ulinzi wake mwingine usio na kelele, kisha akamwambia Molka abonyeze. Kioo kikawa cha buluu, na ile sauti, laini, isiyo na haraka, ikasema kwa mara ya mwisho:

"Beya. Una hakika unataka kuniondoa?"

Molka alinigeukia, uso umemsawijika.

"Mjibu," nikamwambia. "Ulimjibu kwa jina langu ulipomkaribisha. Sasa mfukuze kwa lako."

"Mimi ni Molka," aliiambia ile mashine, "na nina hakika." Akabonyeza.

Jioni ile alimpigia simu ami yake Gabesi, akamwambia ukweli mwenyewe, wala hakungoja kuulizwa. Ridha alimgombeza kwa dakika nzima. Kisha akamwambia kompyuta itakaa kabatini hadi atakaporudi, wajaze upya kwa jina na mwaka wa kweli. Molka alisema, "Ndiyo, ami," na usiku huo alilala fofofo. Radhia hakupiga simu Susa.

Jumatano saa nane tulikuwa macho sote watatu, tukisikiliza. Tulisikia saa ya ukutani, na maji yakidondoka jikoni. Basi.

Alhamisi nilipasuliwa jicho la kushoto. Ijumaa asubuhi muuguzi alinifungua bendeji, akaniuliza, "Unaona nini, Bibi?"

Niliona mwanga mkali mno, kisha dirisha, kisha uso wa Molka, karibu kabisa, amebana pumzi. Juu ya nyusi yake kulikuwa na kovu dogo ambalo sikuwahi kuliona.

"Hili umelipata lini?"

Nilimwona akilitafuta jibu jepesi, na nilimwona akiliacha.

"Mwaka jana, Bibi. Nilipanda darini siku uliyokataza. Nikaanguka. Nilikuambia nilikuwa nimelala."

Radhia aliguna. Mimi nilimvuta akae kitandani.

"Sikiliza, mwanangu. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kosa lako siku ya kwanza lilikuwa dogo, la kumalizwa kwa karipio moja. Ulilifunika, likakua gizani mpaka likaanza kuniita jina, na kidogo linipokonye jicho. Nami nina fungu langu: nilikufundisha kuogopa kuliko nilivyokufundisha kuuliza. Kuanzia leo, usichokielewa, uliza. Ulichokosea, sema mapema, kabla hakijapata sauti yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Na darini ulivunja nini?"

"Vigae viwili," akasema, "na kile chungu chako cha mizeituni."