Soko Waliloliita Mfu

Kila siku ya soko pale Mushaki, Verdiane alikuwa wa kwanza kufungua gunia lake la maharage. Shamba lililisha watoto wake. Soko liliwasomesha.

Siku moja chefu wa posti, mkuu wa serikali pale, akatangaza kwamba soko litafungwa na kuhamia mji wa Sake. Wataalamu wamechunguza miji ya Kongo itakavyokua, akasema, na Mushaki itabaki tupu; soko lake limekwisha kufa.

"Miye sitoki!" Verdiane akapaza sauti. "Nani atabeba maharage ku mugongo mpaka Sake? Mwenye kusema tutabaki tupu akuje aseme mbele yetu."

Siku ya soko iliyofuata, mtaalamu mmoja akaja kweli. Aliitwa Damien, mtu wa takwimu kutoka Bukavu. Aliomba maharage, akayapanga chini mafungu makubwa na madogo.

"Mama, Kongo iko mukubwa. Hatuwezi kutembea ku kila muji. Tunafanya mufano mudogo, njo tunaita modele. Hii iko Goma. Hii Sake. Hii kidogo iko Mushaki. Muji mukubwa unavuta batu mingi. Njia ikiwa murefu, nguvu ya kuvuta inapunguka. Tukihesabu vile, tunaona fasi, pahali batu watajenga."

Verdiane akainama. "Na Walikale, kule mu musitu, iko wapi?"

"Niliiacha. Barabara imeharibika, gari haipite."

Verdiane akacheka mpaka akashika kiuno. "Papa, gari njo inakula maharage? Geuka uone!"

Watu wa Walikale walikuwa wakishuka kilimani kwa miguu, mafuta ya mawese mgongoni. Walikuwa wamelala njiani, kwa sababu kule msituni maharage ni adimu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Damien aliona haya, lakini hakukasirika. "Modele haiko nabii, Mama. Ukiipatia habari nusu, inakupatia jibu ya uongo. Munionyeshe hizo njia zote."

Wakamwonyesha. Aliwauliza wachukuzi wanatoka wapi na wanarudi na nini, kisha akahesabu upya. Safari hii fungu la Mushaki likakua. Hesabu hiyo waliipeleka pamoja ofisini kwa chefu, Verdiane akitangulia.

Chefu akafuta tangazo lake, na soko halikuhama. Kabla ya masika likajengewa paa, na majirani wa Verdiane wakaanza kuinua nyumba kando ya barabara.

Asubuhi moja chefu wa posti mwenyewe alikuja na kikapu. Verdiane akampimia maharage bila haraka.

"Karibu, Papa," akasema. "Karibu ku soko ile ilikufa."