Jamvi la Bi Mize kwenye Njia ya Faki

Nina umri wa miaka ishirini na sita, mzaliwa wa Wawi, hapa Pemba. Nimeoa, nina mtoto mmoja, na duka la baba sasa naliendesha mimi. Lakini kukaa kitako siwezi! Nikikaa nainuka, nikila nasukuma sahani nusu. Mke wangu alikuwa akiniuliza nina nini, nami nikimjibu ni joto tu. Wasomaji wenzangu, halikuwa joto...

Miaka mitatu iliyopita barabara yetu ilitiwa lami, na kipande kimoja kikatoka kimenyooka kama rula. Mimi na rafiki yangu Faki ndio tuliokigeuza uwanja wa mashindano. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka mjini Chake, kila mtu na pikipiki yake, tukatazamana, tukafyatuka! Wiki ya pili wakaja watazamaji. Mwezi haujaisha, kila Ijumaa baada ya sala njia ilijaa watu.

Tulikwenda wawili wawili, kutoka mstari wa chokaa mpaka mlingoti wa tatu wa simu. Muuza kahawa akiangusha kofia yake, tunaondoka. Hata waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya vyama vya siasa walisimama pale pamoja, wakibishana habari za pikipiki.

Yangu ilikuwa mpya, kaninunulia baba. Ya Faki aliiunga mwenyewe kwa vyuma chakavu, vingine hata si vya pikipiki! Basi hiyo ndiyo iliyonishinda kila wiki. Watu wakaanza kuiita ile njia Njia ya Faki. Ya Faki! Na mimi je, sikuianzisha? Wivu ukaniingia, ukanila.

Msimu wa karafuu ulipofika, watu walitandika majamvi yao pembezoni, na mengine yakapanda juu ya lami, maana pale zilikauka upesi. Karafuu chini ya gurudumu huviringika, ni hatari. Tukawekeana utaratibu: kila Ijumaa mmoja wetu apite kwa wenye karafuu, awaombe kwa adabu wavute majamvi yao. Ijumaa moja zamu ilikuwa yangu.

Nilipita kwa wote. Mwisho nikafika kwa Bi Mize, mama mtu mzima aliyekuwa akiishi peke yake. Jamvi lake lilikuwa karibu na mlingoti, upande ambao Faki angepita. Aliniuliza kama na yeye avute. Nikamwambia aliache, halizuii kitu.

Sikutaka Faki aumie! Nilidhani ataliona, atapunguza mwendo, nami nitashinda mara moja tu... Mara moja tu!

Nilishinda. Nikanyanyua mkono, na hakuna aliyenishangilia. Nyuma yangu Faki alikuwa amelala chini ya pikipiki yake, karafuu zimetapakaa njia nzima. Hospitali walimkata mguu chini ya goti. Na yeye kila msimu alikuwa mchumaji, akipanda mikarafuu ambayo wengine tuliiogopa. Hakupanda tena hata mmoja.

Watu walimwuliza Bi Mize kwa nini hakuvuta jamvi. Akasema Kombo, yaani mimi, ndiye aliyemwambia aliache. Wote wakanigeukia. Si ningesema kweli hapo hapo?

"Wallahi sikumwambia hivyo," nikasema. "Bi Mize mtu mzima, kasahau."

Wakaniamini mimi! Majirani wakawa wanampita bila kubisha hodi. Hakuanika tena njiani. Na kibaya zaidi, akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Kila Idi alikwenda kwa Faki na mkate wa kumimina, kumtaka radhi kwa kosa lisilo lake. Nami nilikuwa nimekaa papo hapo, nikiula mkate huo...

Mwezi uliopita Bi Mize alifariki. Nilibeba jeneza lake. Kutoka makaburini nilikwenda moja kwa moja kwa Faki, nikamweleza yote huku nalia. Alisugua goti lake.

"Mie nshakusamehe, Kombo," akasema. "Lakini yule kafa akijua yeye ndiye alonikata mguu. Radhi yake utaitaka kwa nani?"

Nimepita mlango kwa mlango nikiwaambia watu kweli. Wengine wamenifungia, na wana haki. Faki tunasalimiana, lakini haniiti tena rafiki. Pikipiki nimeigawa, siwezi hata kusikia mlio wake.

Ndugu zangu mnaosoma, ikiwa kuna mtu anabeba kosa lako, mwendee leo! Usingoje aibu ipungue, haipungui. Usijidanganye kwamba yeye mwenyewe kashasahau. Mimi kila Ijumaa, saa ile ile ya mashindano, nakwenda kaburini kwa Bi Mize. Namsomea Fatiha, kisha namtaka radhi... na hanijibu.