Fuwele za Shabu na Jiwe la Athi

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1954, Waridi alichota maji bombani, akafagia chumba chao kimoja cha Pumwani, kisha akaenda shuleni pamoja na jirani yake, Qamar. Jioni hapakuwa na michezo. Saa ya amri ya wakoloni ya kutotoka nje usiku ilipofika, milango ilikomewa, na watoto wakabaki kuzitazama kuta.

Siku moja Mwalimu Ochola aliwaonyesha wanafunzi jiwe jeusi kutoka uwanda wa Athi. Alieleza kwamba hapo kale lava ilibubujika kutoka ardhini ikaufunika uwanda kama mafuriko. Jiwe hilo lilikuwa na fuwele kubwa zilizozungukwa na punje ndogo mno. Kwa nini zilitofautiana? Ili kulijibu swali hilo, aliyeyusha shabu, ile dawa nyeupe ya vinyozi ya kuzuia damu, katika maji ya moto. Waridi na Qamar walipewa bilauri moja moja ya maji hayo, wazifunike kwa blanketi zipoe polepole, wala wasiziguse kwa siku mbili. Ambaye kazi yake ingekuwa bora angekwenda na mwalimu kuiona maabara ambamo mawe huyeyushwa kwa tanuri.

Jioni ile ile, akiwa amechoka kufungiwa ndani, Waridi aliifunua bilauri akaikoroga. Kulipokucha aliona punje ndogo kama sukari. Alizificha kikombeni. Kisha akaichukua shabu ya baba yake, Haji, aliyekuwa kinyozi mtaani Kariokor, akaipasua na kuvitia vipande vyake katika bilauri.

Darasani, fuwele za Qamar zilikuwa kama punje za mchele. Za Waridi zilikuwa kubwa kama kokwa za tende. Mwalimu alimwuliza Qamar kama aliifunua bilauri yake. Qamar alikana, lakini hakuaminiwa.

“Labda blanketi lenu lina matundu,” mwanafunzi mmoja akamtania, na darasa zima likacheka.

Waridi ndiye aliyechaguliwa kwenda maabara.

Jioni, mlango ulipokwisha kukomewa, Haji alisimulia jinsi mteja alivyotokwa na damu huku yeye akiitafuta shabu asiione. Nyuma ya ukuta mwembamba, mama yake Qamar alikuwa akimgombeza binti yake kwa uongo ambao hakuusema. Waridi aliziba masikio, lakini sauti zilimfikia. Hapakuwa na pa kukimbilia.

“Baba, niliichukua mimi,” alisema, akaeleza yote.

Haji aliuonyesha kwa kidole ukuta wa akina Qamar. “Kesho utayasema hayo mbele ya wale waliomcheka mwenzako.”

Waridi aliyasema darasani, akamwomba Qamar radhi, akakitoa kikombe chake chenye zile punje. Mwalimu alikiweka pamoja na bilauri ya Qamar kando ya jiwe.

“Fuwele za Qamar zilikua polepole kwa utulivu,” alisema. “Ndivyo zilivyokua hizi kubwa za jiwe, chini kabisa ardhini, kabla lava haijatoka. Zako ziliganda kwa haraka, kama lava ilipokutana na hewa ya uwandani. Kwa aina hizi mbili tumejua jinsi jiwe hili lilivyotokea. Kwa vipande vya kinyozi tusingejua lolote, na Qamar angebaki na jina la mwongo. Jaribio lililoharibika si aibu, Waridi. Aibu ni kulificha. Jumamosi atakwenda Qamar.”