Ndoo Namba Nne

Saa ilikutwa ndani ya ndoo.

Ilikuwa saa ya mfukoni, ya dhahabu, imeviringishwa kwenye kitambaa cha buluu na kufunikwa kwa burashi ya kusugulia. Ndoo ilikuwa kwenye stoo ya vifaa vya usafi, ghorofa ya tatu, imeandikwa namba nne kwa rangi nyeupe. Mwenye ndoo alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, ambaye wenzake walimwita Mgeni kwa kuwa alikuwa na wiki tatu tu kazini. Alitiwa pingu akiwa bado amevaa aproni.

Kesi nyepesi, kila mtu alisema. Mkuu wa kituo alitaka jalada liende mahakamani kesho yake asubuhi. Wakili aliyeibiwa alitaka hivyo hivyo. Na mwenye kampuni ya usafi, ambaye wafanyakazi wake thelathini na mmoja walimwita Madam, alitaka kuliko wote.

Inspekta hakuwa na haraka. Alikuwa mwanamke wa makamo, magoti mabovu, na alikuwa na tabia moja iliyowachosha wenzake: hakupenda kesi zinazomfikia zikiwa zimeshapikwa. Alipanda hadi ghorofa ya tatu akipumzika kila baada ya ngazi kumi. Sajini alimfuata na mkoba wa vifaa vya uchunguzi, akijifanya naye amechoka, kwa adabu tu.

Wakili aliwapokea amesimama. Saa ilikuwa ya marehemu baba yake, alieleza, na haikuwahi kutoka kwenye kisanduku chake cha kioo pale mezani tangu siku ya maziko. Alipofika saa mbili asubuhi alikuta kisanduku kitupu. Alimwita meneja wa kampuni ya usafi, meneja akapekua ndoo zote, na mambo yakawa hadharani.

"Nani huingia humu kabla yako?" Inspekta aliuliza.

"Wasafishaji. Wanaanza saa kumi na mbili."

"Umekuwa nao muda gani?"

"Muda mrefu kuliko uvumilivu wangu. Leo huyu kachelewa, kesho yule kavunja kikombe. Wanaajiri watu kama wanaokota njiani."

Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, na Ijumaa kamati ingeamua kama kampuni hiyo ipewe jengo zima, ghorofa saba, au ifungashe virago.

Hapo Inspekta akaelewa haraka ya Madam.

Aliinama juu ya meza, magoti yakilalamika. Aliinua kalamu. Chini yake palikuwa na mstari wa vumbi. Aliisogeza picha ya familia, nayo ilikuwa imeacha alama ya vumbi. Aliyefuta meza hii alipitisha kitambaa kuzunguka kila kitu, bila kukinyanyua hata kimoja.

Isipokuwa kisanduku. Chini ya kitako chake cha mbao hapakuwa na chembe ya vumbi. Na kioo chake kiling'aa kiasi kwamba Inspekta aliiona mikunjo ya shingo yake, jambo ambalo hakuliomba.

Alisogeza pua. Siki.

Harufu hiyo aliijua toka utotoni. Mama yake alisafisha nyumba za watu maisha yake yote, na kila Jumamosi alisafisha ya kwao, madirisha kwanza, kwa siki na gazeti la zamani lililokunjwa ngumi. Kioo kilichopita mkononi mwa mama yake hakikuacha mstari wala unyuzi. Ila vidole vilibaki vyeusi kwa wino mpaka jioni.

"Sajini, pindua hicho kisanduku. Kwa glavu."

Chini ya kitako, kwenye mbao, palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi, kamili. Sajini aliipiga picha, akainua alama, akafunga kielelezo kwenye mfuko na kuandika saa na tarehe.

"Mwizi gani anaiba halafu anang'arisha?" aliuliza.

"Aliyezoea," alisema Inspekta.

Mgeni alikuwa mahabusu, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa amelia mpaka machozi yakamwishia. Ana watoto wawili, alisema, wa chekechea, na saa sita lazima mtu awachukue. Inspekta alimtuma askari mmoja awafuate watoto, ndipo akaanza kumhoji.

"Nionyeshe mikono."

Akainyoosha. Ilikuwa safi, imepauka kwa dawa ya sakafu, wino hamna.

"Kile kisanduku ulikifuta kwa nini?"

"Sikukifuta, Afande. Meneja katukataza kugusa vitu vya mezani. Tangu kikombe kivunjike, tunafuta kuzunguka."

"Na vioo?"

"Kitambaa cha kijani. Buluu meza, kijani vioo, chekundu chooni. Ukikosea unakatwa mshahara wa siku."

"Uliwahi kutumia gazeti?"

Mgeni alimtazama kama anayetegewa mtego. "Gazeti la nini?"

"Ulitoka ofisini asubuhi?"

"Bomba la juu limekufa. Nilishuka kuchota maji. Dakika kumi hivi. Mlango niliuacha wazi, na ndoo yangu ilikuwa stoo, nilibeba ya akiba iliyo kubwa. Afande, mimi nimeitafuta hii kazi miezi minane. Niibe saa ya nini?"

Inspekta alifunga daftari, akaondoka.

Ofisi ya kampuni ilikuwa mtaa wa pili, chumba cha mbele cha nyumba ya Madam, chenye bango jipya na kiyoyozi kipya. Meneja, kijana mwenye cheti kilichotundikwa ukutani juu ya kichwa chake, alitaka kueleza mfumo wa rangi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Inspekta alimwomba akatafute orodha ya wafanyakazi wote wa zamu ya asubuhi. Meneja alipotoka, Inspekta alimgeukia Madam.

Madam alikuwa mwanamke nadhifu, kilemba kimekaa sawasawa, simu mbili mezani. Aliongea kwanza yeye. Kukua si mchezo, alisema. Ulipokuwa na wateja watano uliwajua hata paka wao. Ukiwa na hamsini, unaajiri leo mtu usiyemjua umpeleke nyumbani kwa mtu asiyekujua, na usiku hulali. Huyu msichana alikuja na barua nzuri. Kumbe ana mkono mrefu. Yeye mwenyewe angemwomba radhi mteja, kwa magoti ikibidi.

"Nani kwenye kampuni yako husafisha kioo kwa gazeti na siki?"

Mkono wa Madam ulitafuta simu, ukaiacha.

"Hatutumii tena. Miaka miwili sasa."

"Nani alikuwa akitumia?"

"Mimi. Na wifi yangu."

"Yuko wapi wifi yako?"

"Jengo hilo hilo. Vyoo vya chini." Kisha Madam akasogeza kiti karibu, sauti ikashuka. "Afande, sisi wote ni wanawake, tuelewane. Msichana ameshakamatwa. Mteja ameridhika. Mfanyakazi mpya akiiba, watu wanasema tulikosea kuajiri, tunamfukuza, yanaisha. Lakini wifi yangu ni damu ya marehemu mume wangu. Ni shangazi wa wanangu. Mteja akijua ni wa nyumbani kwangu, nimekwisha."

"Na msichana?"

"Bado kijana. Atapata kazi nyingine."

Inspekta alikuwa amesikia mengi katika miaka yake ya kazi, ila hilo lilimchoma. Alisimama bila kuaga.

Wifi huyo wafanyakazi wote walimwita Shangazi, hata waliokaribia umri wake. Walimkuta amepiga magoti kwenye choo cha wanaume, ghorofa ya chini, akisugua nyufa za vigae moja moja kwa mswaki wa meno. Kando yake palikuwa na ndoo namba thelathini na moja. Kioo cha juu ya sinki kiling'aa hadi kikaumiza macho.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Ngoja nimalizie mstari huu."

Wakamngoja. Alimaliza, akasuuza mswaki, akajifuta mikono kwenye aproni. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi, na chini ya kucha wino ulikuwa umeganda. Hakuzificha.

Kituoni alama za vidole zilichukuliwa. Mtaalamu aliziweka karibu na ile ya kisanduku, akatazama kwa lenzi, akatikisa kichwa kukubali kabla hajaketi. Inspekta alimsomea mtuhumiwa onyo lake: halazimiki kusema lolote, na atakalosema litaandikwa na kuweza kutumika mahakamani. Shangazi alisikiliza kwa makini, mikono mapajani.

"Kwa nini ulikifuta?"

"Si nimekishika? Alama zingebaki." Alifikiri kidogo. "Na kilikuwa kichafu. Wanakizunguka kila siku. Hivyo ndivyo wanavyofundishwa."

"Saa ulitaka kuiuza?"

"Saa yenyewe ningeipeleka wapi?"

"Ulitaka nini basi?"

"Nilitaka kampuni ife."

Sajini aliacha kuandika. Inspekta alimwonyesha kwa kidole aendelee.

"Kaka yangu alipofariki," alisema Shangazi, "wifi alikuwa na watoto wawili na hana mbele wala nyuma. Nikamwambia usirudi kwenu, tutafanya kazi. Tukanunua ndoo moja. Yeye anagonga milango, ana maneno matamu. Mimi nabeba ndoo. Yeye juu ya stuli, mimi chini. Tukasomesha wale watoto kwa gazeti na siki. Wakili huyu alikuwa mteja wetu wa tatu. Ile saa nimeisafishia nyumba yake ya kioo tangu kijana huyo hajaota mvi."

"Ikawaje?"

"Wakili akalalamika. Eti ofisi inanuka siki. Eti wageni wake wanamkuta bibi kizee anasugua kioo kwa magazeti, haipendezi. Nilikuwa nimesimama pale pale na gazeti mkononi, wifi yangu hakusema neno. Akaleta meneja. Meneja akasema tukitaka kukua, kila mtu aombe kazi upya."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Barua aliniandikia mtoto wa kaka yangu, mwandiko wangu mbaya. Nikavaa viatu vyangu vya msibani, nikakaa kwenye benchi na vijana, wote wameshika bahasha. Wakaniita. Wifi yangu kakaa katikati ya meza, kavaa miwani. Akaniuliza, 'Una uzoefu wa miaka mingapi katika kazi ya usafi?'"

Nje mtu alikuwa akipiga deki korido, ndoo ikiburutwa.

"Ukajibu nini?" Inspekta aliuliza.

"Nilidhani ananitania. Nikacheka. Yeye hakucheka. Meneja akaandika sikujibu, sifuri." Shangazi alitazama vidole vyake. "Ndoo wakagawa kwa alama za usaili. Wa kwanza namba moja. Mimi wa mwisho. Ghorofa yangu ya tatu wakaipokezana vijana mpaka walipompata huyu binti, naye wakampa namba nne ya aliyeacha kazi."

"Alikukosea nini?"

"Hakunikosea."

"Ana watoto wawili."

Shangazi akasema, kwa sauti ya chini sana, kwamba hakulijua hilo, na kwamba huenda angefanya vile vile hata angelijua, kwa jinsi moyo ulivyokuwa umemwoza. Akaomba hilo nalo liandikwe.

Mgeni aliachiwa saa kumi jioni, watoto wakiwa wanamngoja kwenye kiti cha mapokezi, mmoja amelala. Kwenye korido alikutana na Madam aliyeitwa kutoa maelezo. Alimwuliza kwa unyenyekevu kama kesho aje kazini. Madam alitazama pembeni, akasema mteja ameshamjua kama mwizi, ingekuwa vigumu kumweleza, wangempigia simu. Mgeni akashukuru. Inspekta alikuwa mlangoni, akasikia ile asante, akatamani asingeisikia.

Simu ya Madam iliita hapo hapo. Aliyepiga alikuwa wakili. Habari zilikuwa zimeshamfikia, hakuingoja Ijumaa. Madam alisema ndiyo, akasema naelewa, akasema ndiyo tena, na alipokata simu kilemba kilikuwa kimelegea upande mmoja na hakukirekebisha.

Waliingia ndani. Shangazi alikuwa kwenye benchi la ukutani, akingoja kupelekwa mahabusu, macho sakafuni. Madam alikaa mezani, mgongo kwake. Sajini alivuta fomu mpya, akasoma maswali kama anavyowasomea wote, kwa mpangilio, bila kuinua macho. Jina. Kazi. Uhusiano na mtuhumiwa.

"Umefanya kazi na mtuhumiwa kwa miaka mingapi?"

Madam aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Mama, naomba jibu. Hapa hapaachwi wazi."

"Kumi na tisa," alisema.

Kwenye benchi Shangazi aliinua uso.

"Kumbe ulikuwa unajua, wifi."

Sajini aliuliza kama hilo nalo aliandike. Inspekta alimwambia aache.